Usitabasamu

Bafta niliinunua dukani kwa Badi, yadi tatu.
Akaikunja polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini:
"Nani ametutoka?"
Hakuna, nikamwambia. Ni ya picha.
Balozi zote zinataka nyuma peupe.

Tangu siku hiyo imetundikwa hapa Langoni, misumari minne,
na mbele yake kiti cha plastiki chenye ufa
kinachomfinya kila asiyetulia.
Wanaoondoka nawajua kabla mama zao hawajajua.
Ukitaka picha mbili, ni kadi ya shule au ya zahanati.
Ukitaka nane, unakwenda.

Kaa wima. Kidevu chini kidogo. Masikio yaonekane.
Usitabasamu.
Mwanzoni niliona haya kulisema,
maana huku mtu huazima hata saa
akapigwe picha akiwa na furaha.
Sasa linanitoka kama hodi.

Shee Famau, fundi wa friji, yeo amekuja mara ya tatu.
Mara ya kwanza ilikuwa Doha,
kazi ya hoteli, chakula na malazi juu yao.
Wakala alikula elfu themanini
na simu yake ikahamia nchi isiyopatikana.
Mara ya pili alikwamia kwenye pasi.
Dirishani walitaka cheti cha kuzaliwa cha babu yake.
Babu alizaliwa Ndau, mwaka wa ndui;
cheti alichokuwa nacho ni makovu usoni,
na alizikwa nayo.
Shee akawaeleza hivyo hivyo.
Wakamwambia alete barua ya chifu.

Pasi ameipata sasa, ila picha zimekufa.
Picha ikipita miezi sita, uso wako unakukana.
Nikafungua kompyuta, nikazipanga zote tatu:
shavu linabonyea kutoka kushoto kwenda kulia,
na kwenye ya tatu kuna mvi mbili
ambazo yeye mwenyewe hakuwa na habari nazo.
"Huyu ni mimi?"
Wote ni wewe.
"Basi nichagulie anayefanana na mwenye viza."

Miadi yake Nairobi ni Jumatatu.
Alilipa sarafu kwa sarafu, akasahau kofia.
Nimeining'iniza kwenye msumari wa tano.

Mwanatumu alikuja na mkataba wa Riyadh ndani ya pochi,
miaka miwili kulea watoto wa watu asiowajua,
umeandikwa Kiarabu mwanzo hadi mwisho.
Mwanatumu alikhitimu msahafu kabla hajavunja ungo.
Akausoma mkataba ule kwa sauti,
madda na ghuna kila moja mahali pake,
hata muuza mabuyu mlangoni akanyamaza.
Tulielewa maneno mawili:
jina la Mungu juu,
na riyali.
Akatia sahihi juu ya goti lake.

Kwenye kompyuta nina faili niliyoiita Zilizoharibika.
Waliopepesa macho wamo, na waliopiga chafya,
na waliocheka kabla sijawakataza.
Mimi pia nimo. Nilijipiga usiku mmoja, duka limefungwa,
nikaweka sekunde kumi, nikakimbilia kiti.
Sikuwahi kuichapa.

Juzi mama yake Mwanatumu aliingia, akasimama tu.
Simu ya kule imezimwa tangu mfungo sita.
Wakala anasema mtandao.
Akauliza kama ilibaki picha yoyote, hata mbovu.
Nikafungua faili.
Ikatoka moja: kiti kimemfinya,
mtandio umeteleza, kinywa wazi, macho yote yamecheka.
Nikaichapa kubwa kuliko kipimo cha ubalozi wowote.

Akaitazama muda mrefu. Akaifuta kwa kanga, ingawa ilikuwa kavu.
"Hii ndiyo yeye," akasema.
"Hii waliikatalia nini?"

Nikashika bafta, nikanyoosha pasipo na kunyanzi.

Meno yanaonekana, nikamjibu.